Nyiramacibiri, mlinzi wa msitu wa Virunga

Sisi wafanyabiashara tunaopita Musanze kwenda Cyanika huiona milima ya volkano kila safari. Lakini tuliorejea nchini mwaka 1994 hatukumkuta mama aliyeifanya ijulikane duniani: Dian Fossey, Mmarekani ambaye wenyeji walimwita Nyiramacibiri.

Alizaliwa San Francisco Januari 16, 1932. Kabla ya kuhamia Afrika alikuwa akihudumia watoto wenye ulemavu hospitalini huko Kentucky. Louis Leakey, mtafiti mzaliwa wa Kenya, ndiye aliyemtuma kuchunguza gorila wa milimani, yaani ingagi. Alianzia Kabara, upande wa Kongo, mapema 1967. Machafuko yalipozuka Julai, wanajeshi walimshikilia. Akawaponyoka na kuingia Kisoro, Uganda. Septemba 24 mwaka huohuo alifungua kambi ya Karisoke, upande wa Rwanda, kati ya Karisimbi na Bisoke.

Alikuta msitu unamegwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kiasi cha hekta 10,000 za hifadhi zilitolewa kwa kilimo cha pareto. Ndani ya msitu uliobaki, mitego iliyotegewa paa na nyati ilinasa gorila mikono na miguu, na ng'ombe walilishwa humo. Fossey na wasaidizi wake Wanyarwanda walizunguka wakiing'oa mitego. Desemba 31, 1977, majangili walimuua Digit, gorila aliyempenda mno. Tangu hapo vita vyake na majangili vikazidi.

Ukweli usemwe: alivuka mipaka. Aliwakamata watu na kuwatesa, akafukuza mifugo, na chuki ikakua. Mwishoni mwa Desemba 1985 aliuawa kwa panga katika nyumba yake kambini, akiwa na umri wa miaka 53. Mjadala juu ya muuaji haujaisha. Alizikwa hukohuko, kando ya Digit.

Kwa maoni yangu, alikuwa na ujasiri lakini alikosa ujirani mwema. Msitu unaozungukwa na watu wenye njaa haulindwi kwa fimbo peke yake. Tangu 2005 sehemu ya mapato ya utalii hupelekwa kwa wakazi wa kando ya hifadhi, asilimia 5 mwanzoni na 10 tangu 2017. Imejenga shule na kuleta maji. Gorila wa Virunga, waliokuwa kama 250 mwanzoni mwa miaka ya 1980, walifikia 604 katika hesabu ya 2015 na 2016.

Ndugu zangu tuliorejea, tusisahau Gishwati. Tulihitaji ardhi, msitu ukafyekwa hadi zikabaki kama hekta 600, kisha mvua ikateremsha udongo na mafuriko yakatufuata majumbani. Mwenye shamba apande miti ya kuni kwenye mipaka yake. Mfanyabiashara naye, kabla ya kununua gunia la makaa, aulize limetoka msitu gani.