John Chilembwe na barua iliyoondolewa gazetini

Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kuchambua maandishi yaliyosomwa na watu wengi. Safari hii napenda kuwaeleza wasomaji wa jarida letu maisha ya mtu ambaye maandishi yake makuu yalizuiwa yasisomwe. Ni mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland, nchi ambayo leo inaitwa Malawi.

Chilembwe alizaliwa mnamo mwaka 1871 hivi katika eneo la Chiradzulu, kusini mwa nchi hiyo. Alianza masomo kwa wamisionari wa Kanisa la Scotland mjini Blantyre. Mwaka 1892 aliingia nyumbani mwa Joseph Booth, mmisionari Mwingereza, akiwa mtumishi, kisha akawa mkalimani wake. Mwaka 1897 Booth alimpeleka Marekani. Huko Lynchburg, Virginia, alisoma katika chuo cha theolojia cha Weusi, akaona kwa macho yake watu wa rangi yake wakiongoza makanisa na shule zao wenyewe. Aliporudi nyumbani mwaka 1900 alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Alianzisha Providence Industrial Mission mahali paitwapo Mbombwe, akafungua shule, akajenga kanisa kubwa la matofali ambalo lilikamilika mwaka 1913.

Jirani yake lilikuwepo shamba kubwa la Magomero, mali ya ukoo wa Bruce, wajukuu wa David Livingstone. Wakulima walioishi humo walilipa kodi ya ardhi kwa kazi, na kazi hiyo iliitwa thangata. Hapa mwanaisimu hawezi kupita bila kusimama. Katika Kinyanja neno hilo lilihusu kusaidiana: jirani anakuja kukulimia leo, nawe utamlimia kesho. Walowezi walilichukua neno la hisani wakalivika shuruti. Msimamizi wa Magomero, William Jervis Livingstone, alijulikana kwa ukali, na makanisa ya wafuasi wa Chilembwe yaliyojengwa shambani humo yalichomwa moto.

Ndipo vita vya Ulaya vikaanza, Agosti 1914. Tarehe 9 Septemba Waingereza na Wajerumani walipambana Karonga, kaskazini mwa Nyasaland, na Waafrika wakafa pande zote mbili. Serikali ikaendelea kutafuta askari na wapagazi. Chilembwe alishika kalamu akaliandikia gazeti la Nyasaland Times, kwa toleo la tarehe 26 Novemba.

Barua hiyo nimeisoma mara nyingi, na kila mara nashangazwa na utulivu wake. Hatukani mtu. Anakumbusha kwamba watu wake walikwisha kumwaga damu. Anasema kwamba wakati wa amani Mwafrika hahesabiwi, lakini vita vikija anaitwa kushiriki mateso sawa na wengine. Anapendekeza waende kwanza wenye mali: wenye benki, wenye maduka, wenye mashamba. Maskini asiye na kitu akifa, anauliza, wajane na yatima wake watabaki na nani? Mwishoni anatia sahihi kwa niaba ya wananchi wenzake.

Jambo moja linastahili kuangaliwa na kitivo chetu. Barua iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya waliokuwa wakiamua, wala si lugha ya waliokuwa wakipelekwa kufa. Chilembwe alijua kwamba mjadala ulikuwa ukifanyika mahali ambapo askari na wapagazi hawasikiki, akaamua kuingia humo akiwa mkalimani wao. Kazi aliyoianza kwa Booth aliifanya sasa kwa ajili ya taifa zima. Lakini mkaguzi wa serikali aliamuru barua iondolewe, na mlango wa mjadala ukafungwa.

Yaliyofuata ni ya kuhuzunisha. Usiku wa tarehe 23 Januari 1915 watu wa Chilembwe walivamia Magomero. Livingstone aliuawa, akakatwa kichwa, na Wazungu wengine wawili wakauawa pia. Wanawake na watoto hawakuguswa. Chilembwe alituma hata mjumbe kuomba msaada kwa Wajerumani, yeye aliyekuwa ameandika kwamba vita hivyo si vya Waafrika. Sioni sababu ya kuyaficha hayo ili kumpamba. Msaada haukufika, na wananchi wengi hawakumfuata. Siku chache baadaye askari wa serikali walililipua kanisa lake kwa baruti. Tarehe 3 Februari, karibu na mpaka wa Msumbiji, Chilembwe alipigwa risasi na askari Waafrika. Makumi ya wafuasi wake walinyongwa au kupigwa risasi, na takriban 300 walifungwa.

Vita viliendelea. Wanaume wa Nyasaland zaidi ya laki moja walifanywa wapagazi, wakaitwa tengatenga, kutokana na kitenzi cha Kinyanja chenye maana ya kuchukua. Upande wetu, askari wa Force Publique na umati wa wapagazi wao walitembea hadi Tabora, mji walioutwaa Septemba 1916. Sisi pia tuna mababu waliokufa njiani na ambao hakuna aliyewauliza kitu.

Leo Malawi humkumbuka Chilembwe kila tarehe 15 Januari, na sura yake imechapishwa kwenye noti za nchi hiyo. Hata hivyo swali lake halijazeeka. Januari 2025 askari wa Malawi waliuawa katika mapigano karibu na Goma, hapa kwetu Kongo, na mwezi uliofuata rais wao aliagiza maandalizi ya kuwarudisha nyumbani. Sisi Wakongomani tulikuwa upande mwingine wa swali: ndio tulioletewa askari. Siwezi kusema kirahisi kwamba hawakupaswa kuja, maana watu wa Kivu walihitaji ulinzi, na mgeni aliyekufa akikulinda hastahili kusahauliwa. Chilembwe mwenyewe hakuandika kwamba mtu asipigane kamwe. Alidai kwamba anayepelekwa asikilizwe kabla hajaondoka, na kwamba anayenufaika naye abebe sehemu yake ya hatari.

Kazi hiyo inatuhusu sisi tunaosomea lugha. Maamuzi ya vita huandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, na wanaozikwa huliliwa kwa Kiswahili, Kichewa, Kilingala na Kinande. Asipopatikana wa kutafsiri kati ya pande hizo mbili mapema, tutaendelea kutafsiri maombolezo tu.