Paul Robeson: Mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyejifunza Kiswahili

Ukimtajia mtu jina la Paul Robeson, kama analijua, atakuambia kwanza habari za sauti. Sauti nzito, ya chini kabisa, ambayo hata kwenye santuri za zamani zenye mikwaruzo inajaza chumba kizima. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya muziki, jukwaa na siasa, mtu huyu alilipwa kucheza futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai ambao wachezaji wanakumbana kwa vifua na mabega. Na wachache zaidi, hata huku kwetu, wanajua kwamba alikaa darasani London akajifunza Kiswahili.

Alizaliwa Aprili 9, 1898 mjini Princeton, jimbo la New Jersey, akiwa kitinda mimba wa mchungaji William Drew Robeson. Mzee huyo alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka akiwa na miaka 15. Mama, Maria Louisa, alikuwa mwalimu. Alikufa kwa ajali ya moto nyumbani, Paul akiwa hajatimiza hata miaka sita. Aliyemlea ni baba, na mzee alikuwa mkali kwenye masomo: alama 95 hazikumfurahisha ikiwa 100 ilikuwa inawezekana.

Mwaka 1915 kijana alishinda ufadhili wa kusoma Chuo cha Rutgers. Chuo hicho kilikuwa na umri wa karibu miaka 150, lakini yeye alikuwa mwanafunzi mweusi wa tatu tu katika historia yake yote. Alikuwa na urefu wa karibu mita 1.9 na mwili wa kubeba magunia, kwa hiyo akaenda kujaribiwa kwenye timu ya futiboli. Waliotakiwa kuwa wenzake hawakumtaka. Siku ya kwanza walimvunja pua na kumtegua bega. Alilala kitandani siku kadhaa akiwaza kuacha, lakini nyumbani alikuwa amefundishwa kwamba pale uwanjani hayuko peke yake, kuna vijana wengine weusi nyuma yake watakaotaka kupita mlango huo huo. Akarudi. Mchezaji mmoja akamkanyaga mkono kwa kiatu chenye meno mpaka kucha zikang'oka. Hapo Robeson alipandwa na hasira, akamnyanyua juu mchezaji aliyekuwa na mpira, tayari kumbwaga chini. Kocha Foster Sanford akawahi kupiga kelele kwamba kijana huyu ameshaingia kwenye timu.

Kuingia kwenye timu hakukumaliza maneno. Mwaka 1916 Chuo cha Washington and Lee, kutoka kusini, kilikataa kuingia uwanjani kama Robeson atacheza. Rutgers walikubali, wakamweka benchi. Binafsi naona benchi ile ilimuuma kuliko pua iliyovunjika, kwa sababu safari hii waliomtoa walikuwa wa kwao.

Majibu yake yalikuja uwanjani. Mwaka 1917 na 1918 alichaguliwa kwenye kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vya Marekani nzima. Alicheza pia mpira wa kikapu, besiboli na riadha, na alipohitimu mwaka 1919 ndiye aliyepewa heshima ya kuhutubia mahafali.

Kisha akaingia kusomea sheria Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na hapo ndipo futiboli ikawa kazi ya kumpatia ada. Mwaka 1921 aliichezea Akron Pros ya Ohio, ambako Fritz Pollard, naye mweusi, alikuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata, ligi ilipopata jina lake la sasa la NFL, alihamia Milwaukee Badgers. Novemba 1922 Badgers walikutana na timu ya Jim Thorpe, yule Mhindi Mwekundu aliyeshinda medali mbili za dhahabu za Olimpiki mwaka 1912. Milwaukee walishinda 13 kwa 0, na Robeson alifunga mara mbili. Akaachana na mchezo huo akiwa bado kijana. Haikuchukua muda mrefu ligi yenyewe ikafunga mlango: kuanzia 1934 hadi 1945 hakucheza mtu mweusi hata mmoja, bila sheria yoyote iliyoandikwa.

Uanasheria nao haukudumu. Katika ofisi aliyoajiriwa New York, karani mzungu alikataa kuandika maneno ya mtu mweusi, naye akaondoka. Jukwaa likampokea. Aliigiza London mwaka 1930 kama Othello wa Shakespeare, na alipoirudia kazi hiyo Broadway kuanzia 1943, onyesho lilifika mara 296.

London ndiko Afrika ilikomkuta. Mwaka 1934 alijiandikisha katika chuo cha lugha za Mashariki na Afrika, akasoma fonetiki na Kiswahili. Alifahamiana na Jomo Kenyatta, ambaye alionekana kwa nafasi ndogo katika filamu ya Sanders of the River ya 1935, Robeson akiwa mmoja wa nyota wake. Filamu ilipotoka imekuwa sifa kwa ukoloni wa Kiingereza, Robeson aliikana. Mkewe, Eslanda, alizunguka Afrika Kusini na Uganda mwaka 1936 akiwa na mtoto wao, akaandika kitabu juu ya safari hiyo.

Kusema wazi ndiko kulikomponza. Alitetea uhuru wa makoloni, alipinga mauaji ya watu weusi nchini kwake, na aliisifu Urusi ya Stalin bila kuikosoa hadharani, jambo ambalo hata wanaompenda wanalitetea kwa shida. Mwaka 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti, na kesi ilipofika mahakamani, upande wa serikali ulitaja pia harakati zake kwa ajili ya uhuru wa Waafrika. Kumbi zilimfungia milango. Katika baadhi ya vitabu vya kumbukumbu za futiboli jina lake lilitolewa, na kikosi bora cha 1918 kikachapishwa kikiwa na wachezaji 10 badala ya 11.

Alipozuiwa kusafiri, alitafuta njia nyingine. Mei 1952 alisimama juu ya lori kwenye mpaka wa Marekani na Kanada akawaimbia maelfu wa pande zote mbili. Mwaka 1957 aliimba kwa simu kutoka New York, na wachimba makaa wa Wales wakamsikiliza ukumbini. Sisi wa redio tunaojua laini ya simu inavyokatika tukiwa hewani tunaweza kuwaza jinsi mafundi walivyokuwa wanatoka jasho.

Pasipoti ilirudi mwaka 1958, baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi, lakini afya ilikuwa inaondoka. Robeson alifariki Philadelphia Januari 23, 1976, akiwa na miaka 77. Jumba la heshima la futiboli ya vyuo lilimwingiza mwaka 1995, miaka 77 baada ya mechi yake ya mwisho Rutgers.