Gustaf de Laval na Mdomo wa Bomba
Nusura niiteme fizikia. Nilijua kubana mpira wa maji ndiko huongeza kasi, basi. Kumbe wapi! Gustaf de Laval alizaliwa Uswidi mwaka wa 1845. Kwanza alitengeneza mashine ya kutenganisha krimu na maziwa. Kisha, miaka ya 1880, akitaka mvuke uzungushe gurudumu mbio, alibuni mdomo wa bomba unaobana halafu ukapanuka. Mvuke ukatoka ukiishinda sauti kwa kasi! Alifariki mwaka wa 1913, lakini roketi hutumia umbo hilo hadi leo. Gesi yake hugongana na hewa iliyotulia, ikanguruma masikio yakaziba. Ukibadili mdomo, ngurumo nayo hubadilika. Sasa fizikia siiachi ng'o!