Kasisi wa Vigae: Maisha ya Walter Edwin Owen na Nafasi Yake katika Historia ya Wabantu

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa, tangu mwaka wake wa kwanza chuoni, kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Huonyeshwa ngeli za nomino, viambishi vya vitenzi na msamiati wa msingi kuwa ithibati. Ushahidi huo ni wa kiisimu, nao una nguvu. Hata hivyo, upo ushahidi mwingine usiosema, uliolala chini ya mashamba na kando ya mito, nao ni vigae vya vyungu vilivyovunjika zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Mmoja wa watu wa mwanzo kuuokota ushahidi huo nchini Kenya hakuwa profesa wala mtafiti wa kulipwa. Alikuwa kasisi wa Kianglikana, mwanaakiolojia wa ridhaa, aliyeifanya kazi hiyo katika nafasi alizozipata baina ya ibada, safari za kichungaji na ugomvi wake na serikali ya kikoloni. Jina lake ni Walter Edwin Owen.

Makala haya yanasimulia maisha yake kwa muhtasari, kisha yanauliza vigae vyake vina maana gani kwetu sisi tunaosoma lugha na fasihi ya Kiswahili.

Kutoka Uingereza hadi Nyanza

Owen alizaliwa Uingereza mwaka wa 1878. Alijiunga na shirika la wamisionari la Church Missionary Society, na mwaka wa 1904 akatumwa Uganda, ambako alifanya kazi kwa zaidi ya mwongo mmoja. Mwaka wa 1918 aliteuliwa kuwa arkidikoni wa Kavirondo, yaani kasisi msimamizi wa makanisa ya eneo zima. Kavirondo ni jina la kikoloni lililofumbata maeneo ambayo leo tunayaita Nyanza na Magharibi mwa Kenya. Alishika wadhifa huo kwa muda mwingi wa maisha yake yaliyosalia, hadi alipofariki mwaka wa 1945.

Alifika Kavirondo wakati mgumu. Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimewamaliza vijana wengi waliochukuliwa kuwa wapagazi. Mwaka wa 1920 nchi ilitangazwa kuwa koloni. Kodi ilipandishwa, kipande kikawalazimu wanaume Waafrika kubeba hati shingoni, na watu wakahofia kwamba ardhi yao ingetwaliwa kama ilivyotwaliwa ya wengine. Mwezi wa Desemba 1921 wasomi wa shule za misheni, wengi wao walimu, waliitisha mkutano mkubwa huko Lundha, katika eneo la Gem. Vuguvugu lililozaliwa hapo lilijulikana kwa jina la Kijaluo la Piny Owacho, maana yake nchi imesema.

Mtetezi aliyelaumiwa na pande mbili

Serikali iliingiwa na hofu, hasa baada ya Harry Thuku kukamatwa jijini Nairobi mwezi wa Machi 1922 na waandamanaji kupigwa risasi. Mwaka wa 1923 Owen aliingilia kati. Jonathan Okwiri, aliyekuwa kiongozi wa chama cha vijana wa Kavirondo, alimwachia kiti, na chama kikageuzwa kuwa Kavirondo Taxpayers Welfare Association, yaani chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo. Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya, kupanda miti na kujiepusha na ulevi. Malalamiko yao yaliandikwa kwa utaratibu na kupelekwa kwa wakuu.

Wanahistoria wametofautiana kuhusu hatua hii. Wapo wanaoona kwamba Owen alikinusuru chama kisipigwe marufuku, akawapa wanachama wake mbinu za kudai haki kwa kalamu. Wapo pia wanaosema kwamba alilipoza joto la Piny Owacho, akaifanya siasa kuwa hesabu ya vyoo na panya. Rai hizi mbili zina ukweli ndani yake. Chama kilidumu, lakini uongozi ulikuwa umetoka mikononi mwa wenyeji walioasisi vuguvugu, na baadaye chenyewe kiligawanyika baina ya Wajaluo na Waluhya.

Lililo wazi ni kwamba Owen hakunyamaza. Aliandika katika magazeti ya Uingereza kuhusu wanawake na watoto waliolazimishwa kufanya kazi za barabara, kuhusu kodi na kuhusu ardhi. Walowezi walimchukia kiasi cha kulipotoa jina la cheo chake wakaliingiza neno shetani ndani yake. Basi kwa walowezi alikuwa mchochezi, na kwa baadhi ya wanaharakati wa Kiafrika alikuwa breki.

Macho yaliyotazama chini

Katika safari zake za kichungaji Owen alitazama chini. Mvua inapochimba makorongo katika udongo wa Nyanza, hufichua mawe yaliyochongwa, mifupa iliyogeuka mawe na vigae. Wapita njia huvikanyaga. Yeye aliviokota, akaandika alipovipata na kuvipeleka kwa wataalamu.

Mambo matatu yanastahili kutajwa. La kwanza ni kisiwa cha Maboko katika ghuba ya Winam. Mwaka wa 1933 Owen alitambua kwamba kisiwa hicho kina visukuku vingi vya wanyama. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba visukuku hivyo vina umri wa takriban miaka milioni 15. Miongoni mwavyo mna mifupa ya Victoriapithecus, mmoja wa tumbili wa kale zaidi wanaojulikana duniani.

La pili ni zana za mawe za Kombewa, karibu na Kisumu. Mwaka wa 1938 Owen alichapisha makala kuhusu zana hizo katika jarida la Man la Uingereza. Alikuwa amegundua namna ya pekee ya uchongaji. Kwa kawaida mchongaji hupiga jiwe kubwa, akapata kibanzi chenye upande mmoja laini uliobinuka. Wachongaji wa Kombewa walikichukua kibanzi kikubwa cha namna hiyo, wakakipiga tena upande wake wa ndani, wakapata kibanzi cha pili kilicho laini na kilichobinuka pande zote mbili. Mbinu hiyo imetambuliwa baadaye katika sehemu nyingine za Afrika na kwingineko, na hadi leo wanaakiolojia wa nchi mbalimbali wanaiita kwa jina la Kombewa. Hivyo jina la kijiji cha Nyanza limeingia katika istilahi za sayansi ya dunia kwa mkono wa mtu asiyekuwa na shahada ya akiolojia.

Huo ulikuwa pia mwaka wa msukosuko huku kwetu Ukambani. Mwaka huo wa 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kwenda Nairobi kupinga kutwaliwa kwa ng'ombe wao, kisha akahamishiwa kwa nguvu Lamu. Ukoloni uliohesabu mifugo ya Machakos ndio ule ule uliohesabu nyumba za Kavirondo kwa ajili ya kodi. Akiolojia ya Owen haikufanyika katika utulivu wa maktaba. Ilifanyika katika nchi iliyokuwa ikigombaniwa.

Chungu chenye kishimo

Jambo la tatu ndilo linalotuhusu zaidi. Huko Alego, mahali paitwapo Urewe, na katika sehemu nyingine za karibu, Owen alikusanya vigae vya vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa. Midomo yake ilikuwa na kingo zilizochongwa pembe, mabega yake yalipambwa kwa mistari iliyochorwa, na vingi vilikuwa na kishimo kidogo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alibonyeza udongo kwa kidole kabla haujakauka.

Owen alifariki kabla kazi hiyo haijachapishwa. Ilitoka mwaka wa 1948 chini ya Makumbusho ya Coryndon, ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, ikiwa na majina matatu: Mary Leakey, Owen na Louis Leakey. Mwanzoni vyungu hivyo viliitwa kwa sifa ya kishimo chake. Tangu miaka ya 1960 jina lililoenea ni Urewe.

Baadaye vyungu vya aina hiyo vilipatikana Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo na Kagera nchini Tanzania. Katika Kagera na Rwanda umri wake unafika karne kadhaa kabla ya Kristo, na aghalabu huandamana na mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma. Wataalamu wengi wanavihusisha na wakulima wa kale waliozungumza lugha za Kibantu katika eneo la Maziwa Makuu.

Vigae hivi na sisi

Katikati ya miaka ya 1960 Robert Soper alichimba Kwale, kusini mwa Mombasa, akapata vyungu vya karne za mwanzo baada ya Kristo. Watafiti wengi wameviona kuwa na unasaba na vile vya Urewe, ijapokuwa njia vilivyofuata bado inajadiliwa. Juu ya tabaka za Kwale huja vyungu vya karne ya 7 na kuendelea, vinavyopatikana pwani yote na hata bara. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kuonyesha kwamba tangu chini kabisa vigae vya kienyeji vilizidi kwa mbali vile vya kigeni. Mwaka wa 1985 Derek Nurse na Thomas Spear waliunganisha ushahidi wa lugha na wa akiolojia, wakasisitiza kwamba Uswahili ulichipuka katika ardhi ya Afrika. Felix Chami alizidi kuutetea mkabala huo kwa uchimbaji wake katika pwani ya Tanzania.

Kwa hiyo mjadala wa asili ya Kiswahili, ambao tumeusoma kwa hoja za ngeli na maneno ya mkopo, una mguu mwingine uliosimama juu ya vigae. Lugha yenyewe inashuhudia. Waganda husema okubumba kwa maana ya kufinyanga. Kiswahili kina kitenzi umba. Wakikuyu humtaja Mumbi kuwa mama wa ukoo wao, na hapa Ukambani Mungu huitwa Mumbi, kama Waswahili wanavyomwita Muumba. Mzizi ni mmoja, na maana yake ya asili ni kuupa udongo umbo. Wahenga waliotuachia neno hilo waliutazama uumbaji wa dunia kupitia mikono ya mfinyanzi.

Pamoja na hayo, tahadhari inahitajika. Chungu hakizungumzi lugha yoyote. Kinaweza kununuliwa, kuigwa au kuletwa na bibi harusi kutoka kabila jingine. Urewe yenyewe imo katika nchi ya Wajaluo, ambao lugha yao ni ya Kiniloti na ambao wanawake wao ni wafinyanzi hodari. Vigae vya kale vinatueleza kwamba watu wengine waliishi hapo mbeleni, lakini havimpi mtu yeyote hatimiliki ya shamba. Anayevitumia kuchochea ukabila anavilazimisha kusema yasiyokuwa yake.

Kuna pengo jingine la kutafakari. Majina matatu yaliyo juu ya chapisho la 1948 yote ni ya Wazungu. Akiolojia ya Kenya ya wakati huo ilitegemea macho na mikono ya Waafrika, lakini majina yao hayakufika kwenye jalada. Ilichukua miaka mingi kabla ya mtu kama Kamoya Kimeu, mwana wa Ukambani aliyeanza kazi kwa akina Leakey mwaka wa 1960, kutambuliwa ulimwenguni kwa visukuku alivyovipata, ukiwamo ule wa mvulana wa Turkana mwaka wa 1984. Owen aliyetetea haki za walipa kodi alikuwa pia mtu wa zama zake.

Hitimisho

Maisha ya Owen hayatufundishi kumtukuza wala kumfuta. Alikuwa mmisionari ndani ya dola ya kikoloni, akaikosoa dola hiyo bila kutoka ndani yake. Alipoandika kuhusu watoto wa barabarani na alipoandika kuhusu vigae, alifuata kanuni ile ile: kilicho chini ya nyayo za wakubwa kinastahili kuokotwa, kuandikwa na kuonyeshwa.

Leo sheria ya Kenya ya mwaka wa 2006 kuhusu makumbusho na turathi hairuhusu mtu kuchimba mahali pa kale bila kibali, nayo inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa. Lakini hakuna sheria inayozuia kukusanya maneno. Wafinyanzi wazee wa Ukambani bado wanazo istilahi za aina za udongo, za sehemu za chungu, za mapambo na za uchomaji, nyingi zikiwa hazimo katika kamusi zetu za Kiswahili. Mwanafunzi atakayeziandika kwa uangalifu, akataja na jina la bibi aliyempa kila neno, atakuwa ameitimiza kazi ya kasisi yule na kulirekebisha kosa la zama zake.