Pasta Gudina Tumsa: mutu aliyekataa kukimbia Addis Ababa

Kartie ya Urael iko ndani ya muji wa Addis Ababa, mukubwa wa miji ya Ethiopia. Watu wengi wanaijua juu ya kanisa la Kiortodoksi linalobeba jina la malaika Urael. Lakini pale kuna pia parokia ya Kilutheri, ya kanisa linaloitwa Mekane Yesus. Tarehe 28 Julai 1979, Pasta Gudina Tumsa alimaliza kuhubiri katika parokia hiyo ya Urael, akatoka inje pamoja na bibi yake. Watu wa serikali waliovaa nguo za raia walikuwa wanamungojea. Kutoka siku ile, waamini wake hawakumuona tena.

Huyu Gudina alikuwa nani, na sababu gani serikali yenye silaha na vifaru iliogopa mutu wa Biblia?

Mutoto wa Wellega

Gudina alizaliwa mwaka 1929 kule Boji, katika jimbo la Wellega, mangaribi ya Ethiopia. Ni mutu wa kabila la Oromo. Katika sehemu ile Injili ilikuwa imeanza kuenea kwa njia ya Onesimos Nesib, Muoromo aliyeuzwa utumwani akiwa mutoto, akapata uhuru, na baadaye akatafsiri Biblia nzima katika Kioromo. Biblia hiyo ilichapwa mwaka 1899. Kwa hiyo Gudina alikulia mahali ambapo watu walikuwa wanasoma Neno kwa luga ya mama zao, hata kama wakubwa wa ufalme hawakuipenda luga hiyo.

Akiwa kijana aliishi Nekemte, akasoma kwa wamisionere wa Sweden. Kazi yake ya kwanza haikuwa ya kanisa. Alifanya kazi katika hospitali ya Nekemte, akajifunza kuwa munganga musaidizi, akifunga vidonda na kusaidia katika upasuaji. Ni pale alijifunza kwamba mugonjwa anakuja na mwili wake, na njaa yake, na woga wake, vyote pamoja. Somo hilo hakulisahau.

Mwaka 1958 aliwekewa mikono kuwa pasta. Mwaka uliofuata, 1959, makanisa yaliyotoka kwa misioni za Kilutheri yaliungana na kuwa kanisa moja lenye kujitawala: Mekane Yesus, maana yake mahali anapokaa Yesu. Lilianza na waamini karibu 20.000. Gudina alitumika Nekemte, kisha akatumwa kusini, kwa watu wa Kambata. Kutoka 1963 hadi 1966 alisoma teolojia Marekani, katika muji wa Saint Paul, jimbo la Minnesota. Aliporudi, alichaguliwa kuwa katibu mukuu wa kanisa lake. Alikaa kwenye kazi hiyo mpaka kifo.

Roho na tumbo

Miaka ile wafazili wa Ulaya walikuwa na tabia moja. Kwa kujenga hospitali, shule, ao kuchimba visima, feza zilipatikana haraka. Kwa kufundisha wainjilisti na kujenga makanisa, feza zilikuwa chache. Mwaka 1972 Mekane Yesus iliandika barua kwa Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni, na Gudina ndiye alikuwa nyuma ya kazi hiyo. Barua ilieleza kwamba mutu ni mumoja, hagawanyike. Kumupa mukate bila Neno, ao Neno bila mukate, ni kumutumikia nusu. Na tena, si wazungu peke yao wanaopaswa kuamua Muafrika ana lazima ya nini.

Barua hiyo iliwasumbua watu wengi kule Geneva na Ujerumani. Lakini haikutupwa. Mwaka 1974 mukutano uliitishwa Nairobi kwa kuzungumuza jambo hilo tu. Hata leo inasomwa katika shule za teolojia za inchi mingi.

Gudina alisema pia kwamba kanisa lijifunze kusimama bila kutegemea feza za inje. Aliona kwamba siku inaweza kuja ambapo milango itafungwa. Na siku hiyo ilikuja.

Siku za Derg

Mwezi wa Septemba 1974, kisha njaa kubwa ya Wollo, waaskari walimuondoa mufalme Haile Selassie. Serikali yao iliitwa Derg. Mwaka 1975 walitangaza kwamba ardi yote ni ya taifa, na wakulima wasilipe tena kwa mabwana. Gudina hakupinga hayo. Yeye mutoto wa Wellega alijua ukali wa wale mabwana, akaona kwamba mukulima kupata shamba ni haki.

Shida ilianza wakati Derg ilitaka kutawala hata zamiri za watu. Tarehe 12 Machi 1977 waaskari walinyanganya Redio Sauti ya Injili. Redio hiyo ya Walutheri ilikuwa imefunguliwa Addis Ababa mwaka 1963, na ilisema kwa luga mingi pamoja na Kiswahili. Programu za Kiswahili zilitengenezwa kule Moshi, Tanzania. Sisi tunaofanya kazi ya redio tunaelewa maana yake: kwa siku moja tu, mikrofoni ile ile ikageuka sauti ya mapinduzi. Kisha ikafuata miaka ya Ugaidi Mwekundu, vijana wakiuawa, maiti zao zikitupwa barabarani.

Gudina alikusanya makanisa mbalimbali katika baraza moja ili yasaidiane. Serikali ilitaka viongozi wa dini waende inje kusema kwamba Ethiopia ina uhuru wa kuabudu. Alikataa. Walimukamata Oktoba 1978, wakamuachilia. Wakamukamata tena Juni 1979, wakamuachilia.

Wakati huo Rais Julius Nyerere wa Tanzania aliingilia kati, na njia ya kutoka inchini ilikuwa wazi. Gudina angeweza kuishi salama. Alijibu kwamba muchungaji hawezi kuacha kundi lake saa ya hatari. Alijua vizuri bei yake.

Kilichofuata

Siku ile ya Urael walimubeba pamoja na bibi yake, Mama Tsehay Tolessa. Mama waliachana naye. Yeye walimunyonga usiku ule ule. Serikali haikusema kitu. Mwezi wa Februari 1980 Mama Tsehay naye alitiwa gerezani, akateswa vibaya sana, akakaa karibu miaka kumi bila kuhukumiwa. Alitoka 1989 bila kujua bado bwana yake amelala wapi.

Derg ilianguka Mei 1991. Ndipo ukweli ukatokea: Gudina alizikwa kwa siri ndani ya kiwanja cha nyumba ya Asrate Kassa, mukubwa wa zamani wa ufalme. Katika kiwanja hicho walikuta pia mwili wa Abune Theophilos, patriaki wa Waortodoksi, ambaye naye aliuawa. Muluteri na Muortodoksi, makanisa ambayo kwa miaka mingi hayakusikilizana, walilazwa katika udongo mumoja na wauaji wamoja.

Tarehe 27 Juni 1992, Gudina alizikwa kwa heshima mbele ya watu wengi wa Addis Ababa. Kanisa lililoanza na watu 20.000 leo linahesabu waamini zaidi ya milioni 10, na ni kati ya makanisa makubwa zaidi ya Kilutheri ulimwenguni. Hapo Urael, parokia ingali inaabudu.