Denis Burkitt na Ramani ya Maradhi: Maisha ya Mpasuaji wa Mulago

Utangulizi

Hadi mwaka 1967, Kenya haikuwa na kitivo chake cha kuwafunza madaktari. Kijana wa Kitui, au wa sehemu ambazo leo ni Kaunti ya Makueni, aliyetamani kuwa daktari bila kuvuka mipaka ya Afrika Mashariki alilazimika kufunga safari hadi Kampala, akasome Makerere na kujifunzia kazi katika hospitali ya Mulago. Kuanzia 1957, idara ya upasuaji ya chuo hicho iliongozwa na Profesa Ian McAdam. Hata hivyo, jina lililoifikisha Mulago katika vitabu vya utabibu kote duniani ni la mpasuaji na mhadhiri aliyefanya kazi chini ya uongozi huo, Denis Parsons Burkitt. Maisha yake yanazua swali linaloihusu kila idara ya chuo kikuu: je, uongozi wa kitaaluma hutokana na cheo, au hutokana na uwezo wa kuuliza swali linalowaunganisha wengi?

Malezi na Elimu

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi aliyependa kuwachunguza ndege. Aliwafunga pete miguuni ndege wadogo waliokuwa katika bustani yake, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege alimiliki eneo lipi. Waama, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kwani mazoea hayo ya baba yalikuja kuonekana katika kazi ya mwana.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipoteza jicho la kulia baada ya kupigwa jiwe katika ugomvi wa wavulana. Alijiunga na Trinity College, Dublin, kusomea uhandisi, lakini baadaye akahamia utabibu na kuhitimu mwaka 1935. Mwaka 1938 alifuzu kuwa mpasuaji kamili kule Edinburgh. Alipoomba kazi katika utumishi wa makoloni, ombi lake lilikataliwa kwa sababu ya jicho hilo moja. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyomfungulia njia: alijiunga na jeshi akiwa daktari, akahudumu Kenya na Somalia, na hapo akaazimia kurejea Afrika Mashariki. Mwaka 1946 alipokelewa Uganda.

Lira: Swali la Kwanza

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika nchi ya Walango, alikokuwa daktari wa eneo pana mno. Huko aliwapasua wanaume wengi wenye busha. Wapasuaji wengine wangeridhika kuwatibu wagonjwa na kuwaruhusu kwenda makwao. Burkitt alianza kuwauliza wametoka wapi. Aligundua kwamba waliotoka mashariki mwa wilaya walikuwa wengi, ilhali waliotoka magharibi walikuwa wachache sana. Alihusisha tofauti hiyo na kuenea kwa minyoo wa matende, na akachapisha matokeo yake mwaka 1951. Utafiti huo haukumpa umaarufu, lakini ulimfunza kwamba makao ya mgonjwa ni sehemu ya ugonjwa wake.

Mulago: Uvimbe wa Taya

Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago. Mnamo 1957, daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto mwenye uvimbe katika pande zote nne za mataya. Burkitt alishangaa, kwa kuwa uvimbe wa kawaida huanzia mahali pamoja. Majuma machache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vivyo hivyo. Alipompima alikuta kwamba uvimbe ulikuwamo tumboni pia. Alirejea Kampala, akafungua kumbukumbu za wagonjwa, na kubaini kwamba visa vya aina hiyo vilikuwapo tangu zamani. Kila kimoja kilikuwa kimeandikwa peke yake, kwa jina la kiungo kilichovimba. Alichoongeza Burkitt ni wazo kwamba vyote ni ugonjwa mmoja.

Makala aliyochapisha mwaka 1958 hayakuvutia wengi. Wanapatholojia waliokuwa Kampala, akiwamo Gregory O'Conor, ndio waliothibitisha kwamba uvimbe huo ulikuwa limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili. Kwa hakika, ugunduzi huo ulikuwa kazi ya idara kadhaa zilizokuwa tayari kusikilizana.

Ramani

Burkitt alitaka kujua ugonjwa huo unakoishia. Kwa msaada mdogo wa fedha, alituma takribani vikaratasi 1,000 vyenye picha za watoto wagonjwa kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika. Muuguzi wa hospitali ya mbali hakuhitaji maabara ili ajibu. Alihitaji kuitazama picha na kukumbuka. Kwa njia hiyo, watu ambao kwa kawaida hupokea maarifa kutoka vyuoni waligeuka kuwa watoaji wa maarifa.

Mwishoni mwa 1961, Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari lililokwisha kutumika na kusafiri kwa majuma 10, mwendo wa maili 10,000 hivi, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi. Walibaini kwamba karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye kimo cha futi 5,000 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo kimo hicho kilivyoshuka. Joto na mvua, wala si kimo chenyewe, ndivyo vilivyouwekea ugonjwa mipaka.

Msomaji wa Ukambani hana haja ya kufafanuliwa sana jambo hili. Anayepanda kutoka Kibwezi hadi vilima vya Mbooni huhisi hewa ikibadilika na mbu wakipungua. Vivyo hivyo, anayetoka mji wa Kitui kuelekea mashariki, upande wa Mto Tana, hushuhudia nchi ikizidi kuwa kavu. Burkitt aliyachukua maarifa ya namna hii, ambayo mkulima na mchungaji huyaishi kila siku, akayafanya kuwa ushahidi wa kitaaluma.

Mwanzoni alidhani kwamba mbu hueneza virusi vya saratani. Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake, wakitumia vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege hadi London, waliona kwa hadubini ya elektroni virusi ambavyo leo huitwa vya Epstein-Barr. Virusi hivyo haviletwi na mbu. Baadaye ilifahamika kwamba malaria ya mara kwa mara huivuruga kinga ya mtoto, na virusi hivyo vikapata nafasi ya kuleta madhara. Burkitt hakung'ang'ania dhana yake ya awali, alikubali kusahihishwa.

Kuweka Kisu Kando

Pengine uamuzi wake mgumu zaidi ulihusu kisu chenyewe. Upasuaji wa mataya uliwaharibu watoto nyuso bila kuwaponya, na Uganda haikuwa na tiba ya mionzi. Burkitt alikubali kujaribu dawa zilizotoka Marekani, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu. Kwa mpasuaji kukiri kwamba kisu chake hakifai kulihitajika unyenyekevu usio wa kawaida katika fani hiyo.

Miaka ya Baadaye na Tathmini

Aliondoka Uganda mwaka 1966. Kwao Uingereza alianza kuhubiri manufaa ya vyakula vyenye nyuzinyuzi, akilinganisha milo ya vijijini Afrika na ya miji ya Ulaya. Mawazo hayo yalibadilisha milo ya wengi, ingawa wapo waliosema, na kwa haki, kwamba alihusisha maradhi mengi mno na sababu moja. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Hoja nyingine haiwezi kupuuzwa. Ugonjwa ulipewa jina la Burkitt, lakini watoto waliougua, wazazi waliokubali wapimwe, na wauguzi waliojibu barua hawatajwi. Sampuli zilitoka Entebbe, na sehemu kubwa ya sifa ikabaki ng'ambo. Hata hivyo, si kila kitu kilisafirishwa. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, nacho kikakua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Idara ya upasuaji nayo ilikuja kuongozwa na Mganda, Profesa Sebastian Kyalwazi, mtafiti wa saratani aliyekuwa amefanya kazi chini ya McAdam. Watoto wenye uvimbe wa taya wanaendelea kutibiwa Kampala na madaktari waliosomea papo hapo.