Mwalimu Nyerere Alipokuwa Mwanafunzi Edinburgh



Kila mwaka wazazi hufika hekaluni petu kumwomba Mama Saraswati, mlezi wa elimu, awaangalie watoto wao wanaokwenda kusoma nchi za mbali. Majirani zetu nao huomba jambo hilo hilo makanisani na misikitini. Kwa sababu hiyo nimeona vema, katika kitabu hiki cha kumbukumbu, kusimulia habari za mwanafunzi mmoja aliyetoka ng'ambo ya pili ya ziwa letu, akaenda kusoma katika jiji la kale la Edinburgh. Mwanafunzi huyo ni Julius Kambarage Nyerere. Sote twamjua alivyokuwa Rais. Wachache humkumbuka akiwa mwanafunzi mgeni, mbali na mama yake.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito Nyerere wa Wazanaki na Mama Mugaya. Alikuwa na umri wa miaka 12 alipoanza shule ya Mwisenge, Musoma. Akaendelea Tabora, kisha Chuo cha Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Aliporudi alifundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1942, na nyumbani walikuwapo mama na ndugu waliomtegemea. Alikuwa pia na mchumba, Maria, ambaye naye alikuwa mwalimu. Basi alipopata nafasi ya masomo Uingereza mwaka 1949, haikuwa safari ya kijana asiye na mzigo. Alikwenda akiwa mtu mzima wa miaka 27, moyo nusu ukiwa umebaki nyumbani.

Alisafiri kwa ndege mwezi wa Aprili hadi Southampton, kisha akapanda treni kutoka London kwenda kaskazini. Edinburgh ni jiji lililojengwa juu ya vilima, ngome yake ikiwa juu ya mwamba, na nyumba zake za mawe zilikuwa zimetiwa weusi na moshi wa makaa. Chuo Kikuu chake kilianza katika karne ya 16. Mwalimu alipata chumba katika nyumba iliyotengwa kwa ajili ya wanafunzi kutoka makoloni, namba 42, barabara ya Palmerston. Mwaka huo walikuwako Uskoti wanafunzi weusi wawili tu kutoka nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza.

Na tufikirie siku zake zilivyokuwa. Katika mwezi wa Desemba, kabla ya saa 10 alasiri jua la Edinburgh limekwisha kuzama, na upepo wa bahari hupenya koti. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, lakini nyama na sukari bado viligawiwa kwa kipimo, na kila mkazi alikuwa na kitabu chake cha mgawo. Sisi wafanyabiashara twaelewa maana ya mgawo. Wenye umri wangu wanakumbuka foleni za sabuni na sukari hapa Bukoba. Mwalimu aliiona foleni katika nchi ya watawala wenyewe. Akatambua kwamba Mzungu naye husimama kusubiri zamu yake.

Masomo hayakuanza kama alivyotarajia. Kwanza alisoma kwa muda mfupi kemia na fizikia, akafaulu pia mtihani wa Kiingereza wa kuingilia chuo. Ilipofika Oktoba 1949 alikubaliwa kusomea shahada ya sanaa. Mwaka wa kwanza alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa na elimu ya jamii za watu; mwaka wa pili historia ya uchumi na historia ya Uingereza; mwaka wa tatu sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Alama zake hazikuwa za kushangaza, ila hakushindwa somo hata moja. Nawaomba vijana wetu walishike hilo: si lazima mtu awe wa kwanza darasani ili elimu yake iwafae watu.

Nje ya darasa alifanya urafiki na Wanigeria na watu wa visiwa vya Karibi. Wakati wa likizo alikwenda na wanafunzi wenzake Wales, wakavuna viazi katika shamba. Mtoto wa chifu wa Afrika aliinama kuchimba viazi vya mkulima wa Wales, na heshima yake haikupungua. Mwaka 1951 alikwenda London kukutana na Watanganyika wenzake na kutazama maonyesho makubwa ya taifa yaliyofanyika mwaka huo.

Miaka hiyo hiyo mwana mwingine wa ziwa letu alikuwa Ulaya kimasomo. Padre Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Bukongo, alisoma Roma kuanzia mwaka 1948 hadi 1951, akapata udaktari wa sheria za Kanisa. Mwaka 1952 akawa askofu, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi katika zama hizi. Watu wa Muleba wana haki ya kujivuna.

Turudi Edinburgh. Darasani Mwalimu alikaa sawa na wenzake weupe, akabishana nao na kusikilizwa kama mwanafunzi mwingine yeyote. Nyumbani Tanganyika hali ilikuwa nyingine: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na kila mmoja ana shule yake na hospitali yake. Aliandika katika gazeti la wanafunzi, pamoja na Mtanganyika mwenzake John Keto, kuupinga mpango wa shirikisho la Afrika ya Kati uliolenga kuimarisha utawala wa weupe wachache. Kisha akaandika makala juu ya tatizo la rangi Afrika Mashariki. Humo aliwakaribisha Wazungu na Wahindi wabaki kama raia wa kawaida, bila upendeleo, na akawaonya kwamba wakingali wanataka kuwa mabwana, amani haitapatikana.

Alihitimu Julai 1952, akarudi nyumbani, akajenga kwa mikono yake nyumba ya kuishi na Maria, wakafunga ndoa mwaka 1953. TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai 1954. Yaliyofuata yanajulikana.

Lakini jambo moja nalisema kwa sababu linatuhusu. Mnamo Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wabunge wengine walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu alikataa kwa ukali. Alieleza kwamba uraia hupimwa kwa uaminifu kwa nchi, si kwa ngozi, na kwamba serikali yake ingejiuzulu iwapo Bunge lingeukataa msimamo huo. Sheria ikapita.

Marehemu baba yangu alijiandikisha uraia ndani ya muda uliowekwa. Cheti chake alikihifadhi pamoja na daftari za duka. Kila Diwali, tulipofanya ibada ya kubariki daftari mpya za hesabu, alikitoa na kukiweka juu yake, akakitia tone la kumkum. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni karatasi ya deni. Siku hizi naona sikukosea sana.

Sisemi kwamba njia yote ilikuwa laini. Sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo iliumiza familia nyingi za Kihindi nchini, na wengi walihama. Wapo kati yetu ambao hawajasahau, nami siwalaumu. Lakini sheria ile ilitazama jengo na thamani yake. Mwaka uliofuata, kilomita chache kupita Mutukula, Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke, na yeye alitazama rangi. Tofauti hiyo ndiyo sababu hekalu letu lingali na waumini.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama, upande wa mashariki wa maji haya tunayoyaona kila asubuhi.

Vijana wetu mnaokwenda ng'ambo, mtakutana na baridi, upweke na chakula msichokizoea. Vumilieni. Angalieni jinsi wageni wenu wanavyowatendea, mkakumbuke mkirudi, kwa maana hapa kwetu nako daima yupo mgeni anayesubiri kujua kama amefika nyumbani.

Mungu awabariki, na hekalu letu lidumu.